Mpe Jembe: Mwongozo wa Kuishi na "Shall"

Fungua mkataba wowote wa Kiingereza ulionakiliwa steshenari, wa pango, wa ajira au wa kuuziana kiwanja, utamkuta "shall" ameshakaa. Mpangaji "shall", mwenye nyumba "shall", mkataba wenyewe "shall", hata choo cha uani nacho "shall". Ni mgeni wa miaka mingi. Alishuka na sheria za wakoloni, bendera yao ikateremshwa yeye akabaki, kisha akahamia kwenye katiba za nchi, za vyama vya ushirika, za vikoba na za kamati za maji. Wahenga walishatuachia utaratibu wa mgeni wa namna hii: siku mbili mkirimu, ya tatu mpe jembe. Hatumfukuzi, wala hatumwachii aendelee kulalia kila kitanda. Tunampa shamba moja alilime, na tunasimama kando kuhakikisha analima.

Kazi hii ina uzito. Mwenye nguvu hahitaji neno lililo wazi. Ana wakili, ana jamaa ofisini, ana muda wa kungoja. Anayelihitaji ni mpangaji, kibarua, mjane na mwanachama wa kikoba ambaye siku ya ugomvi hana kingine mkononi isipokuwa karatasi. Karatasi ikisema jambo la mashaka, yeye ndiye wa kwanza kupoteza.

Vifaa vinavyohitajika

Tafuta nakala ya hati unayotaka kuitengeneza, kalamu nyekundu na chupa ya chai, maana hutamaliza kwa kikao kifupi. Tafuta pia mtu mmoja asiye mwanasheria. Anayefaa kupita wote ni yule shangazi ambaye kila anaposikia "itafanyika" huuliza "na nani?", na akijibiwa huongeza "lini?" Mweke karibu na chai. Ndiye kifaa muhimu kuliko vyote vilivyotajwa.

Hatua ya 1: Jua kwao

Kabla ya kumpa mtu kazi, ulizia ukoo wake. "Shall" anatoka katika neno la Kiingereza cha kale, "sceal", lililomaanisha kudaiwa. Msemaji wa Kiswahili haoni ajabu hapo, kwa kuwa nasi tuna "kuwiwa": mtu anawiwa fedha, na mtu anawiwa kusema kweli. Deni la mali likawa deni la tendo. Wakati huo "shall" alikuwa na kazi inayojulikana na heshima zake.

Mambo yalichafuka alipoongezewa kazi ya kutaja wakati ujao. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, na humo akagawa mipaka kati ya "shall" na "will". Ukijisemea mwenyewe, "shall" hutabiri tu na "will" huonyesha nia. Ukimsemea mwingine mambo hupinduka: "will" hutabiri, "shall" huamuru au huahidi. Kanuni hiyo ilisafiri ndani ya vitabu vya shule hadi huku kwetu, na wanafunzi wakaikariri kama jedwali la kuzidisha.

Waingereza wana kichekesho cha zamani juu yake. Mgeni asiyejua sarufi alitumbukia mtoni akapiga kelele: "I will drown, no one shall save me!" Alitaka kusema kwamba anazama na hakuna wa kumwokoa. Kwa kanuni ya Wallis, alichotamka ni kwamba amekusudia kuzama na anamkataza mtu yeyote asimwokoe. Waungwana waliosimama ukingoni, watu wa sarufi, wakaheshimu matakwa yake.

Mwaka 1906 ndugu wawili, H. W. Fowler na F. G. Fowler, waliandika katika The King's English kwamba matumizi hayo humjia bila taabu mtu wa kusini mwa Uingereza, na kwamba asiyezaliwa nayo atayapata kwa shida sana. Likumbuke hilo kila unapotaka kumwandikia neno hili mpangaji wa Mbagala au Kayole. Unamdai akijue kitu ambacho mabingwa wa lugha hiyo walisema ni cha kuzaliwa nacho.

Hatua ya 2: Orodhesha vibarua vyake vyote

Sasa shika kalamu nyekundu, uzungushie duara kila "shall" katika hati yako. Usitafsiri bado. Kando ya kila duara andika kazi anayofanya pale.

Usishangae zikiwa nyingi. Black's Law Dictionary, kamusi ya sheria inayotumiwa sana Marekani na iliyohaririwa na Bryan Garner, inampa maana tano: ana wajibu wa kufanya, inafaa afanye, anaruhusiwa kufanya, itatokea, anastahili kupata. Neno moja linabeba amri, ushauri, ruhusa, utabiri na haki, halafu tunaliweka katika mkataba ili lituondolee mabishano.

Chukua mkataba wa pango. "The tenant shall pay rent" ni wajibu, na mwenye wajibu anaonekana. "This agreement shall commence on 1 July" haimlazimishi mtu yeyote. Ni taarifa ya tarehe, na karatasi haiwezi kushtakiwa kwa kuchelewa kuanza. "Premises shall mean" ni maelezo ya neno. "The landlord shall be entitled to" ni haki ya mwenye nyumba, haina amri ndani yake. Kisha kuna huyu anayevaa joho la mkali kupita wote: "No person shall enter." Ukimsoma kwa maana ya wajibu, amesema hakuna mtu mwenye wajibu wa kuingia. Mwizi angekubaliana naye kabisa, akaingia kwa hiari.

Ukimaliza kuandika, hesabu aina za kazi ulizozikuta, umwonyeshe shangazi. Akiuliza, "Sasa hapa nitajuaje ipi ni ipi?" umefika unapotakiwa kufika.

Hatua ya 3: Soma kesi zake

Wapo watakaokuambia kwamba hizi ni hoja za wanasarufi na kwamba mahakamani kila mtu anajua "shall" ni lazima. Waombe wasogeze kiti.

Nchini Marekani, mwaka 1995, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya majaji watano dhidi ya wanne, alieleza kwamba ingawa "shall" kwa kawaida humaanisha lazima, waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia kwa maana ya ruhusa. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iligawanyika katikati juu ya sheria iliyobeba neno hilo.

Kesi ya pili haichekeshi. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe waliyetengana naye. Sheria ya jimbo ilisema polisi "shall" watumie kila njia ya busara kuitekeleza amri ya aina hiyo. Mume aliwachukua mabinti zao watatu. Mama alipiga simu polisi, akapiga tena, akaenda kituoni usiku, lakini polisi hawakumtafuta mume huyo. Kabla ya mapambazuko mwanamume huyo alifika kituo cha polisi akifyatua risasi na akauawa. Watoto wote watatu walikutwa wamekufa ndani ya gari lake. Mama aliushtaki mji. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu, majaji saba kwa wawili, ilisema kwamba "shall" ya Colorado haikuondoa hiari ambayo polisi wamekuwa nayo siku zote, na kwa hiyo mama hakuwa na haki ya kikatiba ya kuona amri ile ikitekelezwa. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitamka kwamba Marekani ilikuwa imeshindwa kuwalinda yeye na wanawe. Wala si neno peke yake lililoiamua kesi ile, lakini mama aliyesoma "shall" katika karatasi yake aliamini ameahidiwa jambo, na kumbe hakuahidiwa.

Rudi nyumbani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 81, inaweka msingi kwamba wajumbe wa jinsia moja "shall" wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Wanawake wengi waliipigia kura katiba ile wakiwa na sentensi hiyo mioyoni. Tarehe 11 Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa ushauri: "shall" huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo jambo lenyewe liko tayari kutekelezwa bila matayarisho zaidi. La jinsia, walisema majaji wengi, litafikiwa hatua kwa hatua, na Bunge liwe limetunga sheria yake ifikapo tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Tarehe hiyo ikapita. Miswada ikaletwa ikaanguka. Tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo, lakini Bunge halikuvunjwa. Uchaguzi wa 2022 ukafanyika, na Bunge la Taifa likaingia kazini tena wanawake wakiwa chini ya theluthi moja.

Tanzania nayo inalijua shauri hili. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kinasema wazi kwamba "shall" ikimpa mtu kazi, kazi hiyo ni lazima ifanywe. Hata hivyo Mahakama ya Rufani, katika rufaa moja ya jinai ya mwaka 2006, iliamua kwamba "shall" iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si amri isiyopinda. Isomwe pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo hiyo, ambacho hakiruhusu hukumu itenguliwe kwa kasoro isiyoleta ukosefu wa haki. Sababu yake ni nzuri. Lakini ona ilipotufikisha: sheria moja imeeleza neno, sheria nyingine imelilegeza, na mtuhumiwa aliyeko rumande anatakiwa azijue zote mbili.

Hatua ya 4: Mpe kazi moja

Rudi kwenye maduara yako. Kila mahali penye "shall", weka "ana wajibu wa" kisha usome sentensi nzima. Ikisimama, na mwenye wajibu ni mtu au chombo kinachoweza kuulizwa, "shall" ana haki ya kubaki, ingawa "must" angeifanya kazi hiyo kwa kueleweka zaidi. Isiposimama, mwondoe bila huruma. Mkataba "unaanza" tarehe 1 Julai. Neno "nyumba" "maana yake ni" hii. Mwenye nyumba "ana haki ya" hiki. Katibu "anaweza" kile. Mtu yeyote "asiingie". Kila kazi imepata mwenyewe, na ukurasa unapumua.

Hutakuwa wa kwanza. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inawaamuru viongozi wake kwa "must". Waandishi wa sheria wa Australia wameizoea njia hiyo kwa miaka mingi. Kanuni za mwenendo wa madai katika mahakama za shirikisho za Marekani ziliandikwa upya mwaka 2007, Joseph Kimble akiwa mshauri wa lugha, na "shall" wakang'olewa mmoja baada ya mwingine.

Katika zoezi hilo limo onyo. Kanuni ya 56 ilikuwa inasema jaji "shall" atoe hukumu pale ambapo hakuna ubishi wa kweli juu ya mambo yaliyotokea. Mwaka 2007 iligeuzwa ikawa "should". Wanasheria wakaanza kuhofu: je, sasa jaji ana hiari? Mwaka 2010 "shall" akarudishwa kwenye kanuni hiyo. Walipofika kwenye neno waligundua kwamba hawakuwa wamekubaliana juu ya wajibu wenyewe. Kwa hiyo usiende na kalamu kama mtu anayepalilia gizani. Kabla hujabadilisha, uliza wenye hati walikuwa wanataka nini. Wakijibu kila mmoja lake, tatizo lenu ni kubwa kuliko neno. Itisheni kikao kwanza.

Hatua ya 5: Usimvalishe "-ta-" ukadhani umemtafsiri

Hapa ndipo ninapoomba umakini wako wote, kwa sababu kazi hii sasa ni yetu. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jaji Zephrine Galeba alikuwa ameshaandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili huko Musoma. Kurasa na kurasa za "shall" zinahitaji kuvushwa, na njia ya mkato iliyozoeleka ni kuweka wakati ujao: "mpangaji atalipa", "katibu ataandika", "kutakuwa na kamati".

Sikiliza "mpangaji atalipa" kwa sikio la mtu wa kawaida. Inaweza kuwa amri. Inaweza kuwa ahadi. Inaweza pia kuwa kauli ya rafiki anayemtetea mdaiwa barazani: mwacheni, atalipa. Tukiivusha "shall" kwa "-ta-", tumeuleta ugonjwa wa Wallis katika lugha ambayo haikuwa nao.

Na lugha hii ina dawa ya kutosha. Kwa wajibu tunasema "ni lazima alipe", "sharti alipe", "ana wajibu wa kulipa", "hana budi kulipa". Kwa amri iliyonyooka kuna kiishio kimoja tu, "-e": "Mpangaji alipe kodi kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi." Herufi moja imeondoa utabiri wote. Kwa katazo tuna "asi-" na "ni marufuku". Kwa ruhusa tuna "anaweza" na "anaruhusiwa". Kwa haki tuna "anastahili" na "ana haki ya". Hata lile swali la adabu ambalo bado linampa "shall" uhai mitaani Uingereza, la kuomba ridhaa ya kufungua dirisha, sisi tunalimaliza kwa neno moja la kitenzi: "Nifungue?"

Chagua neno moja kwa kila kazi, na ulishike mpaka mwisho wa hati. Ukianza na "ni lazima", usihamie "sharti" ukurasa wa tatu kwa ajili ya kupamba. Katika shairi mabadiliko hayo ni utamu. Katika mkataba, wakili wa upande wa pili atadai kwamba maneno mawili yana maana mbili, na atalipwa kwa kudai hivyo.

Hatua ya 6: Mtaje mtu, tendo, siku na matokeo

Wajibu usio na mwenyewe haufanywi. Kauli ya kutendwa ndiyo maficho yake makuu: "Mapato na matumizi yatasomwa kwa wanachama." Katiba nyingi za vikundi zina sentensi kama hiyo, na watu wamegombana juu yake wakati kila upande umeisoma sawasawa. Mpe shangazi. "Na nani? Lini? Asiposoma?" Kila swali lake ni tundu ambalo fedha za watu hupitia.

Iandike upya: "Mweka hazina asome mapato na matumizi ya kikundi mbele ya mkutano mkuu kila mwaka, kabla ya tarehe 31 Machi. Asiposoma, wanachama kumi au zaidi wanaweza kuitisha mkutano na kumteua mtu wa kukagua vitabu." Sasa yupo mtu, lipo tendo, ipo siku, na yapo matokeo. Hakuna neno gumu hata moja, na mweka hazina mwaminifu ataipenda kuliko mwanachama yeyote, kwa kuwa inamlinda na uvumi.

Fanya hivyo kwa mwenye nyumba pia. Mikataba mingi humbana mpangaji kwa vifungu kumi na viwili, halafu ukarabati ukaachwa "utafanyika inapohitajika". Andika: "Mwenye nyumba atengeneze paa, mabomba na umeme ndani ya siku 14 tangu aambiwe kwa maandishi. Asipotengeneza, mpangaji anaweza kutengeneza na kukata gharama kwenye kodi, akionyesha risiti." Mwenye nyumba akikataa kutia sahihi hapo, mpangaji amejua mapema ya kutosha kutafuta nyumba nyingine.

Hatua ya 7: Isome kwa sauti kabla ya sahihi

Hati ikishakuwa safi, usiisambaze kwa simu ukangoja alama za dole. Waite wahusika, isomwe kuanzia kifungu cha kwanza hadi cha mwisho, polepole, kwa lugha wanayoitumia kugombana na kupatana. Kila kifungu cha wajibu kikisomwa, msomaji anyamaze. Aliyetajwa asimame aseme kwa maneno yake mwenyewe anatakiwa kufanya nini, kabla ya siku gani, na asipofanya itakuwaje.

Akiyasema sawasawa na yaliyoandikwa, piteni kifungu kinachofuata. Akiyasema tofauti, msimcheke. Aliyekosea ni mwandishi, na kifungu kirudi kwake kiandikwe tena. Kalamu za kutia sahihi zikae mezani mpaka kila mwenye wajibu awe ameutamka wake, na kila mwenye haki awe ameisikia yake ikitamkwa na anayedaiwa haki hiyo.